Kibwagizo Nilichokibadili

Ng'ambo, Tabora
Alasiri, kesho unasafiri

Mwanangu Zuwena,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Saa hizi uko Mtendeni kwa shangazi yako, unaagwa kwa wali na machozi, na ukirudi utanikuta kwenye cherehani kama siku zote, nashona kana kwamba sikuandika kitu. Barua hii utaiona chini ya khanga zako kesho, gari la moshi likishaiacha Tabora nyuma. Nimetaka iwe hivyo. Nikiwa mbele yako ulimi wangu hugeuka jiwe, na wewe una macho ya mama yako, hayamwachi mtu akamaliza uongo wake.

Mambo ya kufunga mlango, ya kuchagua marafiki, ya kutoacha kibarua cha taipu huko uendako kwa sababu ya maneno ya mabosi, hayo mama yako amekwisha kukuambia mpaka ukanuna. Siyarudii. Nina jambo moja tu, nalo nitalisema mwanzoni, maana nikilizungukazunguka nitalikimbia.

Zile hadithi zako tatu ulizonipa nizipeleke posta hazikukataliwa na mhariri yeyote. Hazikufika kwa mhariri. Muda wote huu zilikuwa kwenye droo ya cherehani yangu, chini ya vifungo na chaki, ndani ya bahasha zako zilezile. Wewe ulikuwa unakwenda kuulizia barua dukani kwa Mzee Jivan, kwenye sanduku lake la posta tunalotumia sote, unarudi mikono mitupu, nami nakuambia, “Subira, mwanangu, wahariri ni watu wa shughuli.” Mwezi uliopita ulikuwa unachambua mchele, ukamwambia mama yako, “Labda sina kipaji, mama. Si wangenijibu hata kwa tusi?” Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia, nikatokea mlango wa uani nikaenda kukaa kwa wacheza bao ambao hata sikuwapenda.

Kasirika. Ni haki yako. Ila nisikilize nikueleze kilichonifikisha hapo. Siombi uniache salama. Naogopa tu usije ukarithi mkono wangu pamoja na pua yangu.

Unajua kwamba zamani nilikuwa natuma mashairi. Hujui nilivyokuwa nayatamani. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi, wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, na kule Dar es Salaam palikuwa na jarida dogo, karatasi za kijivu zimebanwa kwa pini mbili, wino wake unabaki vidoleni. Lilikuwa na kurasa za washairi. Masharti yao nilikuwa nayajua kuliko masharti ya swala: andika upande mmoja wa karatasi, kwa mwandiko safi, na ubeti wa mwisho utaje jina lako na mahali unapokaa, maana ndivyo washairi walivyojuana. Mtu wa Tanga alimjibu mtu wa Kigoma kwa beti kumi na hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mimi nilijiita Sindano wa Ng'ambo. Shairi la kwanza lilirudi na kikaratasi, “Vina vimelegea.” La pili halikurudi wala halikutoka. La tatu lilitoka, na siku hiyo niliharibu suruali ya mteja kwa kushona mguu mmoja kinyumenyume. Mzee Jivan alisema, “Fundi, leo iko lewa?” Nilikuwa nimelewa kweli, kwa jina langu.

Ni kwa jarida lile Maganga alinipata. Unamkumbuka, nadhani. Yule mtu mrefu aliyekuwa na mikono inayonuka tumbaku, aliyekuletea asali kwenye kibuyu ukaila mpaka ukaumwa tumbo. Alikuwa mkulima upande wa Urambo. Kutunga alijifunzia kwenye nyimbo za kulima, na kuandika alijifunza ukubwani, kwenye darasa la elimu ya watu wazima, herufi zake kubwa, zimeinamiana huku na huku kama boma lililosukumwa na ng'ombe. Aliteremka kwenye gari, akauliza Ng'ambo nzima, “Sindano ni nani?” mpaka akafika barazani kwetu. Alisema anatunga lakini mwandiko wake hautafaa kwa jarida. Nikamwambia aniletee, nitamnakilia. Nikamnakilia shairi la mvua, likatoka. Nikamnakilia la mkokoteni wa tumbaku, likatoka. Sikubadili neno. Nilikuwa mtu mwema bado, au niseme sikuwa nimejaribiwa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe na vitambaa kutoka hapa mpaka pwani, na kutoka pwani mpaka Ujiji, miguu yake hadi anakufa ilikuwa na ngozi ngumu isiyoingia mwiba. Alitufundisha neno moja la kazi yao: mzigo wa watu haufunguliwi njiani. Hata kama ndani mna kitu kinaoza, unaubeba unavyonuka mpaka kwa mwenyewe. Nililisikia neno hilo nikiwa mdogo, nikaliona la watu wa kale wasiokuwa na posta.

Ikaja Operesheni, watu wakahamishiwa vijijini. Sisi wa mjini tuliisikia redioni, na nyimbo zake. Maganga aliiona. Watu wa serikali walikwenda na lori asubuhi, wakawaambia pandeni, na nyumba zikatiwa moto ili mtu asipate pa kurudi. Kule walikopelekwa palikuwa pamechorwa mistari ya viwanja tu, na masika ndiyo kwanza yanaanza. Mama yake alikuwa mzee wa kubebwa. Alikaa chini ya turubai siku kumi na moja, akafa. Maganga alikuja kwangu wiki mbili baadaye, ameshika karatasi ya daftari la darasani, beti saba. Hakukaa. Alisema, “Fundi, nakili hii. Ukimaliza itume. Jina langu liweke.”

Nakuandikia ubeti wake wa mwisho, kama alivyouandika yeye:

Tamati naweka chini, maneno siyakatishi,
Maganga wa Uramboni, jina langu silizushi,
Swali langu la moyoni, nalimeza haliishi:
Mama kalala mvuani, nyumba twaiona moshi.

Kibwagizo hicho kilirudi mwishoni mwa kila ubeti, mara saba. Mama kalala mvuani, nyumba twaiona moshi. Nilipokisoma mara ya kwanza niliacha mkasi ukaanguka. Na nikuambie lililo baya zaidi ya woga: nilimwonea wivu. Mimi mtoto wa mjini, niliyesoma chuo cha Kurani na shule, sikuwahi kuandika mstari mmoja kama huo, na huyu mtu ameujua wino ukubwani.

Woga nao ulikuwepo, sikatai. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa chama, alikuwa anapita barazani kila jioni, anachungulia ninachoandika, anacheka, “Washairi nyie, tuimbieni maendeleo.” Na mhariri alikuwa ameniandikia barua, barua ya kweli yenye jina langu, akisema jarida linahitaji tungo za kujenga taifa na kwamba vifurushi vya kutoka Tabora vinampendeza. Barua hiyo niliikunja nikaiweka ndani ya Msahafu, Mungu anisamehe. Nikajiambia, shairi hili likienda hivi, Maganga atafungwa, na mimi niliyelinakili nitafungwa naye, na wewe na mama yako mtakula nini. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini dawa yake ilikuwa rahisi: kumrudishia karatasi yake na kumwambia, ndugu yangu, naogopa.

Sikumwambia. Nilikaa na shairi siku mbili, nikalikata na kulishona upya. Nilibadili mistari michache, na nikabadili kibwagizo. Kikawa:

Mama katoka porini, kule kwenye giza, moshi.

Umeona? Vina vilevile. Mizani ileile, nane kwa nane. Hata moshi sikuutoa, niliuhamisha tu. Nilijisifu, mwanangu. Niliinua karatasi nikaitazama kwenye mwanga kama fundi anavyotazama mshono usioonekana. Nikaandika mwisho, Maganga wa Uramboni, jina langu silizushi, nikatia stempu.

Likatoka ukurasa wa mbele.

Alinisimulia mwenyewe yaliyotokea, kwa hiyo siongezi chumvi. Jarida lilifika kijijini kwa mwalimu wa watu wazima. Mwalimu, kwa furaha, aliwasomea darasa zima, mwanafunzi wetu ameandika. Watu walikuwa wamekaa chini, wengi wao nyumba zao zimeungua, baadhi yao walisaidia kumzika yule bibi kwenye tope. Wakasikia mwanawe anasema mama katoka gizani. Mara saba. Maganga alisema alidhani mwalimu amekosea kusoma, akaliomba jarida akasoma mwenyewe, kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma jambo refu lililochapwa, akalimaliza bila kusaidiwa.

Siku alipokuja nilikuwa natia vifungo. Aliniamkia kwa Kinyamwezi kama ilivyokuwa kawaida yetu.

“Mwangaluka, Fundi.”

“Mwangaluka, Maganga. Karibu ukae.”

“Sikai.” Alitoa jarida kifuani, limekunjwa mara nne. “Hii kaandika nani?”

“Si shairi lako?”

“Jina ni langu. Nimeuliza shairi.”

Nikamwambia nimemsitiri. Nikamwambia habari za jela. Nilisema maneno mengi, mengine ya dini.

“Uliniuliza?” akasema.

Nikainama kuokota kifungo kilichoanguka.

“Mtoto wangu kapata homa. Nimebisha nyumba tatu kuomba baiskeli nimpeleke zahanati. Baiskeli nimeziona, zimeegeshwa. Wakaniambia, kaombe kwa mwenyekiti, ndiye unayemtungia. Nimembeba mgongoni. Kapona, ndiyo. Lakini mdogo wangu wa tumbo moja kaniambia nimemuuza mama, na hali tena chakula kwangu.” Akalitazama jarida. “Mimi nilikuletea nguo iliyochanika, Fundi. Nilikuomba uipige pasi. Wewe ukaniundia ya sherehe, ukanivika msibani.”

Kisha akaomba kitu kimoja. Karatasi yake. Ile ya kwanza, ya mkono wake.

“Nikiwatolea kichwani watasema nimetunga leo kujiosha. Mwandiko wangu wanaujua, darasa zima wanaucheka. Wakiuona wataniamini. Nipe nikawaoneshe, basi. Sitakutaja.”

Karatasi ilikuwa kwenye droo. Goti langu lilikuwa limeigusa droo. Nikafikiri: akiionesha kule, mtu atauliza ile nyingine ilitoka mkononi mwa nani, na njia ni moja tu mpaka Ng'ambo. Nikamwambia, “Niliichoma.”

Maganga alilikunja tena jarida lake. Hakupiga kelele. Alisema, “Na wewe umechoma,” akavaa kofia yake akaenda stesheni.

Nimesikia maneno makali maishani, Zuwena. Nimetukanwa na wateja, na baba yangu aliwahi kuniapiza. Hakuna neno lililokaa ndani yangu kama hilo, na hata halikuwa kweli, maana karatasi ilikuwepo. Ningeweza kumkimbilia. Kutoka hapa mpaka stesheni ni mwendo wa kumaliza sigara. Nilimaliza vifungo vya lile shati.

Baadaye mwalimu wake alipita mjini, akanieleza kwamba Maganga alishindwa kukaa pale. Aliiacha familia kwa wakwe, akashika ile njia ya zamani ya magharibi waliyopita wapagazi, na jembe begani, akawa anafanya vibarua vya siku. Alifika Uvinza, kwenye kazi ya chumvi. Akafa huko kwa homa, akazikwa na watu waliomjua kwa jina moja tu. Wewe uliniuliza mara nyingi, “Baba, yule mtu wa asali yuko wapi?” Nilikujibu amehamia mbali. Huo nao ni kibwagizo nilichokibadili.

Tangu siku hiyo sikutuma tena shairi. Nyumbani mlidhani nimechoka, na mama yako akafurahi kwamba mafuta ya taa yanadumu. Nikafikiri yamekwisha. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ukakua wewe, ukaanza kuandika, na hadithi yako ya kwanza uliyonipa niipeleke posta nikaifungua njiani. Niliifungua, ndiyo, bahasha yako, kwa ncha ya mkasi. Ilikuwa juu ya bibi aliyekataa kupanda lori. Hukuwahi kuambiwa habari za Maganga na mtu yeyote humu ndani. Uliziokota wapi? Shuleni, kisimani, kwa watu wanaokuja sokoni na mizigo yao? Nilisimama pale nje ya posta nikiwa na stempu mkononi. Nikarudi. Nikaitia droo ileile. Ya pili na ya tatu sikuzifungua hata kidogo. Sikuwa nazihukumu, nilikuwa naziogopa kwa jumla.

Nilijiambia namlinda mwanangu. Neno lilelile. Limezeeka lakini bado linanitosha kila nikilivaa.

Sasa sikia la wiki hii. Juzi ulinipa hadithi yako mpya, ile ndefu ya yule bibi uliyoiandika upya, ukasema, “Baba, nisafishie kabla sijaondoka, wewe unajua lugha.” Ulivyonipa kwa mikono miwili, nilifurahi kama mtu aliyesamehewa. Nikakaa nayo. Ukurasa wa tatu, bibi anatemea mate gurudumu la lori. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikakata mstari huo, nikaandika juu yake, “Bibi akapanda polepole.” Nikaisoma, nikaona imekaa vizuri. Imekaa vizuri sana, Zuwena. Nikainua karatasi kwenye mwanga.

Hapo ndipo nilipouona mkono wangu. Nikaiweka kalamu chini, nikazima taa na kazi ingalipo mezani, na mama yako akauliza kama nimeshikwa na malaria.

Sikuufuta wino wangu. Nataka uuone. Ukurasa wa tatu, wino wa bluu, huo ni mimi. Rudisha mate ya bibi mahali pake. Kwingine mna makosa ya koma na maneno mawili umeyarudia mno, hayo utayaona mwenyewe ukipiga taipu, na ukipiga, piga nakala mbili, moja ibaki kwako. Mhariri akikujibu vina vimelegea, au chochote wanachosema kwa watu wa hadithi, inauma wiki moja, halafu inakuwa kazi. Akinyamaza, tuma kwingine. Lakini akikusifu sana, jihadhari na jinsi utakavyoanza kumwandikia yeye badala ya kuandika. Mimi hapo ndipo niliponaswa, na barua yake ningali nayo.

Ukiogopa, ogopa waziwazi. Mwambie mtu, naogopa, chukua karatasi yako. Maganga angenielewa. Alikuwa na mama aliyefia mvuani, asingeshindwa kuuelewa woga wa fundi.

Sanduku lako nimelipanga mwenyewe. Chini kabisa mna bahasha zako tatu, moja imekatwa kwa mkasi. Juu yake hadithi mpya. Na juu yake karatasi ya daftari, imeanza kuwa njano kwenye mikunjo, mwandiko mkubwa. Ni ya Maganga. Ina jina lake na mahali pake. Sikuagizi cha kuifanyia, sina haki ya kuagiza. Najua tu kwamba mkewe na watoto wake bado wako kwa wakwe upande wa Urambo, na yule mdogo wake yu hai, na wote wanaujua mwandiko huo. Mimi nilikuwa nao karibu kuliko wewe miaka yote hii. Nauli si kitu. Sikwenda. Pengine nitakwenda ukishaondoka, lakini usiniamini mpaka usikie kwao.

Najijua. Usiku nitaamka, nitasema ngoja kwanza, mtoto anaingia mjini na karatasi kama hiyo, kheri niitoe mpaka nchi itulie. Nitakuwa na sababu nzuri, huwa ninazo. Kwa hiyo nimemwambia mama yako kila kitu, leo, kabla sijaanza kuandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasimama akanawa mikono. Nikimaliza mstari huu nitaiweka barua sandukuni nitie kufuli, na ufunguo nimpe yeye, akukabidhi kesho. Ameshaufungia uzi wa kuuvaa shingoni.

Ni mimi baba yako,
Hamisi, fundi nguo, Ng'ambo, Tabora.